Takataka Zikioza Hutoa Gesi: Tujifunze Kuipima

Leo tutazungumza juu ya jalala. Usicheke. Jalala lina mambo mengi, na hesabu yake inakwenda mpaka mikutano mikubwa ya dunia.

Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani huulizwa mara nyingi: "Je, kisomo kimekusaidia nini?" Leo utaona kazi ya taifa zima ambayo inaanza kwa mtu mwenye kalamu, daftari na ukweli. Asipokuwa mkweli yeye, hesabu yote inaharibika.

Chukua kalamu na karatasi. Tutapiga hesabu pamoja. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu.

NI NINI KINATOKA JALALANI?

Mabaki ya chakula, majani, maganda ya ndizi, karatasi na matambara ni vitu vilivyotokana na mimea au wanyama. Vyote huoza. Kazi ya kuozesha hufanywa na vijidudu vidogo sana, ambavyo hatuvioni kwa macho.

Vijidudu hivi ni vya namna mbili. Wa kwanza wanahitaji hewa kama sisi. Ukitandaza majani shambani juu juu, hawa ndio wanaofanya kazi. Wa pili wanafanya kazi mahali pasipo na hewa: chini kabisa ya lundo kubwa, ndani ya matope, au ndani ya shimo lililoshindiliwa. Hawa wa pili hutoa gesi inayoitwa methani.

Methani huenda unaijua, ila hujui jina lake. Wafugaji waliojenga mitambo ya gesi ya samadi wanaipikia ugali. Katika nchi yetu, kituo cha CAMARTEC kule Arusha kimefundisha watu ujenzi wa mitambo hiyo tangu miaka ya 1980. Mapovu yanayotoka ukikanyaga matope ya bwawani nayo yana methani. Basi dampo kubwa la mji ni kama mtambo wa gesi usio na mfuniko. Gesi inatoka usiku na mchana, wala hakuna anayeipikia.

KWA NINI NCHI INAHESABU GESI HII?

Kuna gesi zinazozuia joto la dunia lisitoke, kama vile blanketi linavyozuia joto la mwili. Tunaziita gesijoto. Zikizidi angani, dunia inapata joto kupita kiasi. Mvua zinabadilika, ukame na mafuriko vinazidi. Mkulima ndiye wa kwanza kuumia.

Gesijoto inayosemwa sana ni kaboni dayoksaidi, ile inayotoka tukichoma kuni, petroli na makaa ya mawe. Lakini kilo 1 ya methani, kwa muda wa miaka 100, inashika joto kama kilo 28 za kaboni dayoksaidi. Jambo la kutia moyo ni kwamba methani haikai sana angani. Hudumu kiasi cha miaka 12 tu. Kwa hiyo tukiipunguza leo, faida inaonekana upesi.

Mwaka 1992 nchi za dunia zilikubaliana Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tanzania nayo imo. Mwaka 2015 ukafuata Mkataba wa Paris. Kwa mikataba hiyo kila nchi inatakiwa kutoa hesabu ya gesijoto zake: za magari, za viwanda, za mifugo, za mashamba, za misitu, na za takataka. Ni kama hesabu za chama cha ushirika. Mwanachama asipoleta hesabu yake, wenzake watajuaje kama anafanya kazi au anategea?

Ili nchi zote zihesabu kwa njia moja, wataalamu wa jopo la kimataifa waliandika kitabu cha kanuni mwaka 2006. Mwaka 2019 wakakiongezea mambo. Somo letu linafuata kanuni za mwaka 2006.

Labda utauliza: "Mbona wasiende dampo na chombo wakapima?" Vyombo vipo. Lakini gesi inatoka kila upenyo, leo nyingi, kesho kidogo. Nchi ina madampo mengi. Haiwezekani kuweka chombo kila mahali kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu watu wanakadiria. Wanauliza: takataka kiasi gani zimeingia, ni za namna gani, na zimelala namna gani? Kisha wanapiga hesabu.

MAZUNGUMZO KIJIJINI

Sasa sikiliza mazungumzo haya. Watu hawa tumewatunga ili somo lieleweke. Kijiji kiko karibu na mji mdogo. Dampo la zamani la mji limejaa. Mji unaomba kutumia machimbo ya kokoto ya kijiji, ambayo hayachimbwi tena. Wanakijiji wamekusanyika chini ya mwembe. Bwana Afya amekuja na daftari la dampo la zamani, pamoja na kijana mwenye kuliandika.

BWANA AFYA: Shikamooni wazee. Habari za hapa?

MZEE: Marahaba mwanangu. Nzuri. Tumesikia mnataka kutuletea takataka zenu.

BWANA AFYA: Ndiyo mzee, lakini nimekuja kuomba, siyo kuamuru. Kijiji kitalipwa kwa kila lori.

MAMA: Kabla ya fedha, tuambie. Takataka hizo zikishaingia shimoni zitafanya nini?

BWANA AFYA: Zitaoza, mama. Na zikioza zitatoa gesi.

MAMA: Hata mimi nina jalala nyuma ya nyumba. Maganda na majivu nayatupa kwenye migomba. Nayo yanatoa gesi?

BWANA AFYA: Methani ya hapo ni kidogo sana. Jalala lako ni la juu juu, hewa inapita. Tena kuku wanachakura. Shida ni lundo refu. Kanuni zinasema hivi: dampo lisilotunzwa ambalo kina chake ni mita 5 au zaidi, linatengeneza methani mara mbili ya lile lenye kina kisichofika mita 5.

MZEE: Mita 5 ni kama watu watatu wamesimama mabegani. Machimbo yetu ni zaidi ya hapo.

BWANA AFYA: Ndiyo mzee. Machimbo yenu yana mita 9. Nimepima kwa kamba.

MAMA: Basi fanya hesabu hapa hapa, tuone.

HESABU HATUA KWA HATUA

Bwana Afya akaandika chini kwa kijiti. Wewe andika kwenye karatasi. Tunaanza na kilo 1,000 za mabaki ya chakula, yaani tani 1.

Hatua ya kwanza: kaboni ni kiasi gani? Kila kitu kilichoota kina kaboni ndani yake. Mkaa wa jikoni karibu wote ni kaboni. Mabaki ya chakula yana maji mengi, kwa hiyo kaboni iwezayo kuoza ni kilo 15 katika kila kilo 100. Karatasi ni kavu, ina kilo 40 katika kila 100. Plastiki, chupa na makopo hatuyahesabu hapa, maana hayaozi.

1,000 × 15 ÷ 100 = kilo 150 za kaboni.

Hatua ya pili: ni ngapi itaoza kweli? Siyo kaboni yote inaoza. Nyingine inabaki udongoni kwa miaka mingi sana. Kanuni zinasema tuchukue nusu.

150 ÷ 2 = kilo 75.

Hatua ya tatu: ni ngapi itaoza pasipo hewa? Hapa ndipo kina cha dampo kinapoingia. Dampo lenye kina cha mita 5 au zaidi tunachukua 80 katika kila 100. Dampo la kina kifupi tunachukua 40 katika kila 100. Dampo linalotunzwa, ambalo takataka zinapangwa, zinashindiliwa au kusawazishwa, au zinafunikwa kwa udongo, tunachukua zote 100. Machimbo ni marefu, na hakuna mpango wa kufunika.

75 × 80 ÷ 100 = kilo 60.

Hatua ya nne: gesi inayotoka ni methani peke yake? Hapana. Karibu nusu ni methani na nusu ni kaboni dayoksaidi. Ile kaboni dayoksaidi haiandikwi katika hesabu ya dampo, kwa sababu mmea ulikuwa umeivuta kutoka angani ulipokuwa unakua. Imerudi ilikotoka.

60 ÷ 2 = kilo 30 za kaboni zilizomo ndani ya methani.

Hatua ya tano: methani yenyewe ina uzito gani? Ukikanda kilo 3 za unga kwa kilo 1 ya maji, unapata kilo 4 za donge. Ndivyo ilivyo hapa. Kaboni inaungana na hewa iitwayo haidrojeni. Kila kilo 3 za kaboni zinazaa kilo 4 za methani.

30 × 4 ÷ 3 = kilo 40 za methani.

Basi tani 1 ya mabaki ya chakula ikitupwa katika machimbo yale itatoa kilo 40 za methani mpaka imalize kuoza. Tukizidisha kwa 28 tunapata 1,120. Yaani gesi ya tani 1 ya mabaki inashika joto kama kilo 1,120 za kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo imeizidi takataka yenyewe!

MZEE: Kumbe! Na kama shimo lingekuwa fupi?

BWANA AFYA: Hatua ya tatu ingekuwa 75 × 40 ÷ 100, yaani 30. Mwisho tungepata kilo 20 badala ya 40. Ndiyo maana mpimaji aliyeandika "shimo refu" bila kupima anaweza kukosea mara mbili.

HAIOZI KWA SIKU MOJA

MAMA: Hizo kilo 40 zinatoka lini? Mwaka huu?

Swali zuri. Mama ameuliza jambo ambalo ndilo moyo wa hesabu yenyewe.

Takataka inaoza polepole. Kila mwaka linaoza fungu la kile kilichobaki. Ni kama mtu aliyeweka gunia la mahindi ghalani, akawa kila mwaka anatoa theluthi moja ya yaliyomo. Mwaka wa kwanza anatoa mengi, wa pili machache, wa tatu machache zaidi. Ghala haliwi tupu upesi.

Mahali penye joto na mvua inayofika milimita 1,000 kwa mwaka, kama Dar es Salaam, karibu theluthi moja ya mabaki ya chakula yaliyobaki inaoza kila mwaka. Zile kilo 40 zinatoka hivi:

Mwaka wa 1: kilo 13
Mwaka wa 2: kilo 9
Mwaka wa 3: kilo 6
Mwaka wa 4: kilo 4

Jumla ya miaka minne ni kilo 32. Kilo 8 zilizobaki zinafuata kidogo kidogo.

Mahali pakavu, kama Dodoma, mvua ni chache. Hapo kinachooza kila mwaka ni kama 8 tu katika kila 100. Mwaka wa kwanza zinatoka kilo 3 na kidogo. Gesi ni ile ile, ila safari yake ni ndefu. Karatasi inaoza polepole kuliko chakula, na mti polepole kuliko karatasi.

Sasa fikiri. Gesi inayotoka mwaka huu siyo ya takataka za mwaka huu peke yake. Ni ya mwaka jana, mwaka juzi, na miaka mingi iliyopita. Hata dampo lililofungwa linaendelea kutoa gesi. Kwa hiyo mwenye kuhesabu anatakiwa kujua takataka za miaka 50 iliyopita.

MZEE: Miaka 50! Nani aliandika takataka wakati huo?

BWANA AFYA: Mara nyingi hakuna, mzee. Hapo wataalamu hutumia sensa. Nchi yetu ilihesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Wewe mwenyewe ulihesabiwa.

MZEE: Mwaka 67 nilikuwa mtoto. Baba alimjibu karani pale pale uani.

BWANA AFYA: Basi jibu la baba yako mpaka leo linatumika. Mwaka ule tulikuwa watu milioni 12 na ushei. Mwaka 2022 tulikuwa milioni 61 na ushei. Wataalamu wanachukua idadi ya watu wa mijini, wanazidisha kwa takataka za mtu mmoja.

Kitabu cha kanuni kimetoa makadirio ya kutumia mahali pasipo na takwimu. Kwa Afrika kinasema mtu wa mjini anatoa kilo 290 za takataka kwa mwaka, na kwamba 69 katika kila 100 zinafika dampo. Kwa Afrika Mashariki kinasema kama 54 katika kila kilo 100 ni mabaki ya chakula. Hebu tufanye mfano wa mji wa watu 10,000:

Takataka zote: 10,000 × 290 = kilo 2,900,000, yaani tani 2,900.
Zinazofika dampo: 2,900 × 69 ÷ 100 = tani 2,000, kwa kifupi.
Mabaki ya chakula: 2,000 × 54 ÷ 100 = tani 1,080.
Methani yake, dampo likiwa refu: 1,080 × 40 = kilo 43,200, yaani tani 43 na kidogo.

Hiyo ni ya chakula peke yake, kwa takataka za mwaka mmoja. Lakini kumbuka, hayo ni makadirio. Kilo 290 ni kipimo cha Afrika nzima. Je, mji wako ni kama miji mingine yote ya Afrika? Huenda siyo. Nguo ya kupima kwa macho haimkai mtu vizuri. Nchi yenye vipimo vyake yenyewe inaruhusiwa na kanuni kuvitumia, na inashauriwa hivyo.

DAFTARI LA LORI KUMI NA MBILI

MAMA: Bwana Afya, hilo daftari ulilobeba ni la nini?

BWANA AFYA: Ndilo la dampo la zamani. Kila lori linaloingia linaandikwa. Kijana huyu ndiye anayeandika.

MAMA: Nipe nisome. Siku hizi najua kusoma.

Mama akafungua. Akasoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya mstari.

MAMA: "Jumatatu, lori 12. Jumanne, lori 12." Haya. "Siku ya Idi, lori 12." Idi? Madereva hawakusali? "Aprili 26, lori 12." Siku hiyo mvua ilikata barabara yenu. Mimi nilikwama na ndizi zangu mpaka zikaiva njiani. Lori 12 zilipita wapi?

Watu wakacheka. Kijana akainama.

KIJANA: Mama, nisamehe. Siku nyingine nilikuwa sipo. Lakini wastani ni 12.

MAMA: Mwanangu, wastani unapatikana baada ya kuhesabu, siyo kabla.

BWANA AFYA: Kweli mama. Kosa hili ni langu pia, maana nilikuwa natia sahihi bila kusoma.

Ndugu msomaji, tuone kosa hilo lina ukubwa gani. Tuseme lori moja hubeba tani 3. Kijana ameandika lori 12, na kweli zilikuwa 8. Zimezidishwa lori 4 kwa siku, yaani tani 12. Kwa siku 300 za kazi ni tani 3,600. Mabaki ya chakula humo ni 54 katika kila 100, yaani tani 1,944. Zidisha kwa kilo 40. Unapata karibu tani 78 za methani ambazo hazipo duniani. Zipo kwenye karatasi tu.

Kesho taifa litasema: "Tumepunguza gesi." Kumbe limebadilishwa daftari tu. Au litapewa lawama ya gesi ambayo haikutoa.

MZEE: Tena kijiji kinalipwa kwa kila lori. Daftari la uongo litatupunja sisi, au litawapunja wenzetu wa mjini. Na hatutajua shimo litajaa lini.

DAFTARI ZURI LIWEJE?

Baada ya mabishano, walikubaliana kwamba daftari la dampo liwe na mambo haya:

1. Tarehe na saa lori lilipoingia. Liandikwe pale pale, siyo jioni.
2. Namba ya lori, trekta au mkokoteni.
3. Lilijaa, lilikuwa nusu, au robo.
4. Uzito, kama kuna mizani. Kama hakuna, magari machache yapelekwe kwenye mizani mara kwa mara, masika na kiangazi. Takataka zilizolowa mvua ni nzito.
5. Limetoka wapi: sokoni, nyumba za watu, au kiwandani. Taka za soko zinaoza nyingi kuliko za duka la nguo.
6. Siku ambayo hakuna lori, andika 0. Sifuri nayo ni hesabu.
7. Takataka zikiungua, andika. Kinachoungua hakiozi tena, kwa hiyo methani inapungua. Lakini moshi wake una sumu, nao una hesabu yake. Kuchoma siyo dawa.

Tena mara kwa mara lori chache zimwagwe juu ya turubai. Takataka zichambuliwe na kupimwa: chakula kilo ngapi, majani kilo ngapi, karatasi kilo ngapi, plastiki kilo ngapi. Wachambuaji wavae glovu na viatu vigumu.

HATARI ZA KARIBU

Gesi hii siyo jambo la angani tu. Methani haina harufu. Ule uvundo wa dampo unatoka kwenye gesi nyingine. Hewa ikiwa na methani kuanzia 5 mpaka 15 katika kila sehemu 100, cheche moja tu inatosha kulipua. Usivute sigara wala kuwasha moto dampo. Usijenge chumba juu ya dampo la zamani.

Lundo refu nalo huanguka. Mwaka 2005, tarehe 21 Februari, dampo la Leuwigajah nchini Indonesia liliporomoka baada ya mvua nyingi na mlipuko wa gesi, likaua watu zaidi ya 140. Mwaka 2017 dampo la Koshe mjini Addis Ababa liliua watu zaidi ya 100. Na tarehe 10 Agosti 2024, kwa jirani zetu wa Uganda, dampo la Kiteezi karibu na Kampala liliporomokea nyumba. Watu zaidi ya 30 walikufa. Hawa walikuwa watu maskini, waliokuwa wakiishi karibu na dampo na wengine wakiokota humo vitu vya kuuza.

Wananchi wana haki ya kusema. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikwenda mahakamani kwa sababu ya moshi na uvundo wa dampo la jiji. Mahakama Kuu iliwapa haki yao.

TUFANYE NINI KUPUNGUZA?

Njia ya kwanza ni kunasa gesi. Dampo likishafungwa, hufunikwa kwa udongo, mabomba yenye matundu yanatumbukizwa, na gesi inavutwa na kuchomwa. Methani ikichomwa inageuka kaboni dayoksaidi, ambayo madhara yake ni madogo kuliko ya methani. Dampo la zamani la Mtoni, Dar es Salaam, lilipata mradi wa namna hii, ukaandikishwa mwaka 2007 katika mpango wa kimataifa wa kupunguza gesijoto. Gesi iliyonaswa hupimwa, kisha hutolewa katika hesabu ya nchi.

Njia ya pili ni rahisi zaidi: mabaki ya chakula yasifike dampo kabisa. Yachambuliwe sokoni na nyumbani. Yafanywe mboji. Mboji ikigeuzwa mara kwa mara hewa inapita, na methani inakuwa kidogo. Mkulima anapata mbolea.

Rudi kwenye hesabu yetu. Kila tani 1 ya mabaki ya chakula isiyoingia shimoni inaokoa karibu kilo 40 za methani. Hilo hata mtu wa kijijini anaweza kulifanya, na kulihesabu.

MWISHO WA MKUTANO

Wanakijiji hawakukubali siku ile, wala hawakukataa. Walitoa masharti manne. Maji ya kisima kilicho bondeni yapimwe kwanza. Taka za soko zichambuliwe, kijiji kipewe kwa ajili ya mboji. Takataka zifunikwe kwa udongo, na mabomba ya gesi yawekwe tangu mwanzo, kwa maana shimo lililofunikwa bila kunasa gesi linazidi kuzaa methani. Na daftari la getini liandikwe na watu wawili: mmoja wa mji, mmoja wa kijiji. Kila Jumamosi lisomwe kwa sauti mbele ya watu.

MZEE: Na wa kijiji atakuwa nani?

Watu wote wakamtazama mama. Naye akasema: "Kalamu ninayo. Lakini nitakaandika kile nitakachokiona tu."

Ndugu msomaji, je, kwenu nani anaandika?

MANENO YA KUKUMBUKA

Methani: gesi inayotoka vitu vikioza pasipo hewa.
Gesijoto: gesi inayozuia joto la dunia lisitoke.
Kukadiria: kutafuta kiasi kwa hesabu, pale usipoweza kupima chote.
Wastani: jumla ukiigawanya kwa idadi ya siku au vitu ulivyohesabu.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Takataka za kwenu zinakwenda wapi? Shimo lina kina gani? Pimeni kwa kamba.
2. Kwa nini dampo lililofungwa bado linahesabiwa?
3. Je, ninyi mngekubali masharti yale manne? Mngeongeza lipi?
4. Kijana wa daftari alikosa nini? Na Bwana Afya je?

HESABU YA NYUMBANI

Soko limetupa kilo 2,000 za mabaki ya chakula katika shimo lisilotunzwa lenye kina cha mita 3. Zitatoa methani kilo ngapi? Fuata hatua zote tano.

Jibu: 2,000 × 15 ÷ 100 = 300. Nusu yake 150. 150 × 40 ÷ 100 = 60. Nusu yake 30. 30 × 4 ÷ 3 = kilo 40. Kama umepata hivyo, hongera. Kama hukupata, rudia hatua ya tatu. Hapo ndipo wengi hukosea.